Kirikuu inalipa, shida ni kurudi tupu

Ndugu Mhariri,

Watu wakiona kirikuu yangu, kigari kidogo cha mizigo, imepakia mpaka juu hudhani nalala na hela. Juzi nilipeleka mchele na sabuni kutoka Kariakoo hadi Chanika kwa 50,000. Dalali aliyeniletea mteja akachukua 10,000 kabla sijawasha gari. Petroli kwenda na kurudi 18,000, utingo 5,000. Zikabaki 17,000, na hapo sijagusa spring ya nyuma, ambayo siku hizi inalia kama mlango wa banda. Gari ni langu. Ningekuwa na hesabu ya tajiri, yaani hela ya kumpelekea mwenye gari, ningerudi nyumbani na deni.

Kilichoniokoa ni mama mmoja pale Chanika, anahamisha kabati na kitanda kuja Ilala. Alitoa 15,000, nikamsaidia hadi kubeba godoro.

Kila mwezi EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, wakitangaza bei mpya ya mafuta, mteja anakumbuka nauli ya mwezi uliopita tu. Bei ikishuka, hapo anaisikia redioni!

Wenye maduka ya pembezoni, chukueni namba zetu madereva wenyewe. Mkiwa na mzigo wa kuja mjini, tupigieni kabla hatujageuza gari.

Dereva wa kirikuu,
Ilala, Dar es Salaam