Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: tunaomba uwanja

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka Igoma. Mimi ni mpiga ngoma na mwigizaji katika kikundi kinachofanyia mazoezi nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti. Tulikuwa 14. Tangu Oktoba 2025 tumebaki 12, na barua hii inatokana na wale wawili waliopungua.

Mmoja alicheza bugobogobo, ngoma yetu ya Kisukuma ya kurusha majembe, kwenye mikutano ya kampeni. Alilipwa, akamlipia mtoto ada, hakuona ubaya. Mwenzake, ambaye wamerusha majembe pamoja miaka tisa, alikuwa barabarani na waandamanaji siku ya uchaguzi, tarehe 29. Watu walikufa siku zile. Intaneti ilizimwa, na iliporudi huyu alimwita mwenzake chawa kwenye kundi letu la WhatsApp. Yule akajibu kwamba wanaharakati wote wametumwa na mabeberu. Usiku huohuo wakajitoa wote wawili. Leo wakikutana kwenye daladala ya Kisesa, mmoja hushuka.

Ugomvi wa watu wawili ningeumaliza mwenyewe, lakini huu ni wa mji mzima. Hadi leo hatukubaliani hata idadi ya waliokufa. Kuna nyumba yenye msiba na nyumba isemayo hakukuwa na lolote, na zimepakana ukuta. Wasanii wakubwa waliopanda majukwaa ya kampeni wamesusiwa na mashabiki wao. Mwanaharakati naye akifungua mdomo tu, anaambiwa haipendi nchi.

Tangu wakati ule tumealikwa mara tatu kutumbuiza kwenye shughuli za amani. Tunapewa fulana, tunapewa na maneno ya wimbo, tunaimba dakika tano kabla ya mgeni rasmi. Mara ya tatu mama mmoja alinifuata nyuma ya jukwaa, akaniuliza taratibu: "Mwanangu, huo wimbo mmemwimbia nani?" Nilikosa jibu, na tangu siku hiyo nimekataa mialiko ya namna hiyo.

Mheshimiwa, Usukuma ulijua kushindana kabla vyama havijazaliwa. Tangu karne ya 19 wacheza ngoma wetu wana pande mbili: Bagika, wafuasi wa mganga Ngika, na Bagalu, wafuasi wa mganga mwenzake Gumha. Ukifika kwenye sherehe ya ngoma ya Bulabo pale Bujora mwezi Juni utawaona. Kwa desturi, pande zote mbili hupiga ngoma kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na kipimo ni miguu ya watazamaji: upande uliovuta watu wengi ndio umeshinda. Manju, ambaye sisi tunamwita ningi, humchamba mpinzani wake kwa nyimbo kali kweli. Ila ili nikushinde ni lazima uwepo. Nikikufukuza uwanjani, nimeuua mchezo wangu mwenyewe. Na mtazamaji akisikia wimbo mtamu ng'ambo ya pili, anavuka. Hakuna anayemwita msaliti.

Hicho cha kuvuka ndicho tulichokipoteza.

Na maigizo ya kuzungumzia yanayotuumiza si mageni mkoani kwako. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Penina Mlama akiwemo, walikuja Malya, Kwimba, wakakaa na wanakijiji, wakaigiza pamoja nao matatizo ya hapohapo kijijini na kuyajadili. Sisi tunafuata njia hiyo. Tunacheza kisa mpaka pale kinapoharibika, tunasimama, tunauliza: wewe ungefanyaje? Anayejibu anaingia mwenyewe kucheza nafasi ile. Tulijaribu mara moja chini ya mwembe, majirani tu. Dereva wa bodaboda aliyekuwa akiwalaani polisi akachukua nafasi ya askari. Alisimama na fimbo mkononi, akanyamaza muda mrefu, mwisho akasema, "Hapa mimi ningeogopa." Mzee mmoja, askari mstaafu, akainuka akaomba kucheza mama anayemtafuta mwanawe. Hatukumaliza igizo. Watu walikaa pale wakizungumza mpaka giza likaingia.

Tulipotaka kulifanya hadharani, ofisi moja ilitunyima kibali kwa sababu hatukuwa na maandishi kamili ya igizo. Hatuwezi kuwa nayo, Mheshimiwa. Nusu ya maneno iko vinywani mwa watu ambao hawajafika.

Ninachokuomba ni hiki. Tupatie viwanja vya Furahisha Jumamosi moja kila mwezi, kuanzia Juni. CCM na Chadema wote wamewahi kuvijaza, kwa hiyo hakuna atakayejiona mgeni pale. Elekeza kwamba muhtasari wa kisa na majina ya wanakikundi yatoshe kwa kibali. Pasiwe na fulana wala mgeni rasmi. Askari waje, tunawataka sana, lakini bila silaha, wakae mkekani na wengine. Nawe karibu, ukae nao.

Maneno makali yatasemwa, sikufichi. Hata sasa yanasemwa, kila mtu na simu yake, kwa watu wanaokubaliana naye tayari.

Nisieleweke vibaya. Igizo halimrudishi mtu wala halijibu swali la mzazi anayeuliza mwanawe aliuawa na nani. Jibu hilo ni deni la serikali, na sitakubali ngoma yangu itumike kulifunika.

Nimewafuata wale wawili, kila mmoja nyumbani kwake. Yule wa kampeni amesema atakuja kama mwenzake atakuja. Mwenzake ameniuliza kama patakuwa na magari ya polisi. Nimemwahidi kwamba nitakuuliza wewe kwanza, ndipo nirudi kwake.

Nasubiri jibu lako kwa heshima,

Mpiga ngoma wa Igoma, Mwanza