Kiraka cha ukoka kikatwe kwenye ukoka wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya bustani. Juma lililopita aliwashauri wenye vipara kwenye nyasi za nyumbani wanunue mbegu za ukoka, wazimwage juu ya kipara, wamwagilie, kisha wawe na subira. Mwaka juzi nilifanya hivyo hivyo. Subira ninayo, maana nimekuwa fundi cherehani tangu ujana wangu na nimetatua nyuzi nyingi zilizojisokota. Lakini zile mbegu zilinishinda.

Nilikuwa na vipara vinne. Mbegu ya ukoka ni ndogo mno; gramu moja tu ina zaidi ya mbegu 3,000, na haitaki kufukiwa zaidi ya nusu sentimita. Mimi sikuifukia kabisa, kwa kuwa sikuambiwa. Niliimwaga juu ya udongo mgumu, nikafungua bomba, na maji yakazisomba zote hadi kwenye ukingo wa ngazi. Siku kumi na kitu baadaye pale ukingoni pakaota mstari mnene kama pindo lililodariziwa, na vipara vyangu vikabaki vile vile.

Chache zilizoota katikati ndizo zilizoniudhi zaidi. Nyasi zangu zina jani jembamba, la kijani kilichokolea. Zile mpya zilikuwa na jani pana lililopauka. Umewahi kuona suruali ya sufu iliyotiwa kiraka cha jinzi? Basi ndivyo nyasi zangu zilivyoonekana, na mimi ndiye fundi!

Binti wa dada yangu, aliyesomea kilimo, aliinama akalitazama jani, akacheka. Ukoka wangu, alisema, ni chotara: ukoka wa kawaida uliochanganywa na jamaa yake mwenye jani jembamba, kama ile aina ya Tifway iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Machotara hao ni tasa kama nyumbu. Hawatoi mbegu inayoota, kwa hiyo hakuna pakiti ya mbegu itakayokupa nyasi zinazofanana nao. Wanaongezwa kwa vipandikizi tu. Mwenye ukoka wa kawaida anaweza kutumia mbegu akifuata masharti yake. Mwenye chotara anatupa fedha. Mwandishi wenu hakuwaambia wasomaji waanze kwa kujua wana ukoka gani.

Sisi mafundi tunajua kiraka kinachofaa kinakatwa wapi: kwenye pindo la nguo ile ile. Pindo la ukoka ni ule ukingo unaotambaa juu ya saruji, ambao kila mara nilikuwa naukata na kuutupa. Kila kifundo cha shina hilo kinaweza kutoa mizizi. Nilichimbua kipara kina cha sentimita 10 hivi, nikachanganya mboji, nikachora mifereji midogo yenye kina cha sentimita 4, nikalaza humo vipande vyenye vifundo vitatu au vinne, ncha yenye majani ikibaki nje. Kati ya mfereji na mfereji niliacha sentimita 15. Kisha nikakanyaga, kwani shina lisilogusana na udongo linakauka tu.

Na linakauka upesi kuliko unavyodhani. Beseni la kwanza la vipandikizi niliacha juani nikaingia ndani kupokea simu. Dada yangu akianza kuzungumza hamalizi, na niliporudi nikakuta majani ya kuwashia moto. Siku hizi nakata jioni na kuvifunika kwa gunia bichi. Majuma mawili ya mwanzo namwagilia kidogo kidogo, mara mbili au tatu kwa siku, kwa kopo, si kwa bomba. Mizizi ikishika, namwagilia mara chache lakini maji yazame. Yote haya yafanyike wakati wa joto. Udongo ukiwa chini ya nyuzi 18 za Selsiasi, ukoka karibu unalala.

Jambo lililonisukuma kushika kalamu hasa ni kwamba safu ile haikuuliza nguo ilichanikia wapi. Kipara changu cha kwanza kilikuwa kona ambayo wajukuu wanaikatiza wakikimbilia langoni. Nilichoma udongo kwa bisibisi kupima ugumu wake, haikuingia hata nusu. Niliweka mawe bapa ya kukanyagia, ugomvi ukaisha. Cha pili na cha tatu vilikuwa vya mbwa: katikati pameungua, pembeni pana pete ya kijani kilichokolea, kwa sababu mkojo ni mbolea iliyozidi kipimo. Hapo nililowesha udongo kwa maji mengi kabla ya kupanda, na sasa huwezi kuonyesha kidole vilipokuwa.

Cha nne kiko chini ya mti. Nilipanda mara tatu. Ukoka unataka jua kwa muda wa saa sita kila siku, ikiwezekana zaidi, na pale hapapati hata saa mbili. Nimeweka benchi, na ndipo nilipokaa kuandika barua hii.

Tena mwandishi wenu hakusema lolote kuhusu vitanda vya maua. Ukoka una mashina juu ya ardhi na mengine chini yake, na hautambui mpaka. Nilisimamisha vigae vilivyozama sentimita 15, lakini bado kila juma nakuta kichwa kimechungulia katikati ya mawaridi. Ukiung'oa ukaacha kipande chenye kifundo, umeupanda upya.

Basi namwomba mwandishi huyo airudie mada hii, safari hii aanze na jani na sababu ya kipara. Nusu pakiti ya mbegu iliyobaki bado ninayo kabatini, kando ya sanduku la vifungo. Akiihitaji, nitamletea hapo ofisini kwenu.

Msomaji wenu,
Fundi cherehani mstaafu