Linki Ni Nzima, Mbona Ramani Haionekani?

Ujumbe tunaoupokea mara nyingi ofisini kwetu una maneno machache: "Kaka, hii linki haifunguki." Chini yake kuna anwani ndefu ya seva ya ramani, ambayo mteja amepewa na taasisi fulani, au ameachiwa na mshauri aliyemaliza mkataba wake akaondoka. Ameibandika kwenye kivinjari, akapata ujumbe wa hitilafu au ukurasa uliojaa alama za < na >. Anaamini amepewa linki mbovu.

Mara nyingi linki ni nzima. Anwani ya huduma ya ramani haikutengenezwa isomwe na macho. Ni mlango wa programu. Programu ya ramani kama QGIS au ArcGIS Pro, au ramani iliyo kwenye tovuti yako, ndiyo inayopiga hodi pale, inataja leya (tabaka la ramani) inayoitaka, eneo na ukubwa wa picha, kisha seva inajibu. Ukipiga hodi bila kusema shida yako, utajibiwa kwa hitilafu.

Kabla ya kumlaumu yeyote, fanya jaribio hili. Chukua anwani uliyopewa, ikate pale penye alama ya kuuliza, kisha ongeza ?service=WMS&request=GetCapabilities, yaani unaiomba huduma ya ramani ya aina ya WMS ijieleze ina nini. (Kama baada ya alama ya kuuliza kuna neno map= na njia ya faili, usilikate hilo; libakize, uunganishe mengine kwa &.) Ikirudi faili ndefu ya XML, seva iko hai. Usiogope urefu wake. Bonyeza Ctrl+F utafute neno Layer. Ndani yake kuna Title, ambalo ni jina la kusomwa na watu, na Name, ambalo ndilo jina linalotumiwa na programu. Tumewahi kukuta mtu amehangaika siku nzima kwa sababu kwenye msimbo wa tovuti yake aliandika "Barabara za Wilaya", wakati seva inaijua leya hiyo kwa jina la miundombinu:barabara. Utaona pia mistari ya CRS, yaani namba za mifumo ya koodineti ambayo seva inaikubali. Ziandike pembeni, tutazihitaji.

Kwenye QGIS kazi hiyo ni fupi zaidi: unafungua Data Source Manager, unachagua WMS/WMTS, unabonyeza New, unabandika anwani na kuipa jina, halafu Connect. Orodha ya leya inajitokeza yenyewe.

Sasa swali ambalo sisi huuliza kwanza, na ambalo lingewaokoa wateja wetu wengi: unataka picha au unataka data? WMS na WFS zinapishana herufi moja tu, lakini vinavyokuja ni vitu viwili mbalimbali. WMS inakuletea picha iliyokwisha kuchorwa na seva. WFS inakuletea vitu vyenyewe: pointi, mistari na poligoni, pamoja na jedwali la taarifa zake. Kinachowachanganya watu ni kwamba hata kwenye WMS, kama seva imeruhusu, ukibofya kiwanja unaweza kuona namba yake na matumizi yake. Mtu akiona hivyo anajua anayo data. Hana. Seva imeulizwa kuhusu nukta moja, ikajibu kuhusu nukta hiyo.

Kijana mmoja mpima ardhi alitujia akiwa amekwisha kuchora kwa mkono viwanja zaidi ya mia mbili juu ya picha ya WMS, kwa sababu alihitaji ukubwa wa kila kimoja. Tulipoandika WFS mahali pa WMS kwenye ile anwani yake, viwanja vyote vilishuka, na vipimo vyake vikiwa ndani ya jedwali. Iliniuma kuona siku zake tatu zimepotea hivyo. Si kila mwenye data hufungua WFS, na ana haki ya kutoifungua, lakini kuuliza hakuna gharama.

Kisha kuna suala la koodineti, na hapa sitaki kupita haraka, maana ndipo makosa yanapoumiza zaidi.

Dada mmoja anayesimamia mradi wa visima pembezoni mwa Dar es Salaam alinipigia simu asubuhi. Baada ya shikamoo na marahaba akasema, "Mdogo wangu, hebu niambie visima vyangu vimefikaje Hispania." Nilifungua mradi wake, na kweli: pointi zote zilikuwa zimejikusanya Hispania, karibu na mpaka wa Ureno. Dar es Salaam iko kwenye latitudo ya karibu 6.8 kusini na longitudo ya karibu 39.3 mashariki. Zigeuze namba hizo, ya kwanza iwe ya pili: unapata latitudo 39.3 kaskazini na longitudo 6.8 magharibi, na hapo ndipo visima vilipoonekana.

Chanzo chake ni cha zamani. Katika mfumo wa EPSG:4326 (EPSG ni orodha ya namba za mifumo ya koodineti; huu ni ule wa latitudo na longitudo), utaratibu rasmi ni latitudo kwanza. Programu nyingi zilizoea kuanza na longitudo. WMS 1.1.1 iliendelea na mazoea hayo. Toleo la 1.3.0, na WFS kuanzia 1.1.0, yakafuata utaratibu rasmi. Seva ikisema hivi na programu ikaelewa vile, visima vinasafiri. Dawa yake kwenye QGIS ni kisanduku kimoja ndani ya mipangilio ya muunganisho wa WFS, kinachoitwa Invert axis orientation. Tulikitia tiki, tukaunganisha upya, visima vikarudi nyumbani.

Kosa hilo angalau linaonekana. La hatari ni lile dogo. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilitengenezwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu yako na GPS zinatumia WGS 84. Data ya Arc 1960 kwa upande wa Dar es Salaam ni EPSG:21037. Ya WGS 84 ni EPSG:32737. Mtu akiweka lebo ya mfumo mmoja kwenye data ya mwingine, kila kitu kinahama kama mita 300 hivi, hasa kuelekea kaskazini au kusini. Ramani bado inapendeza, barabara bado zina umbo lake, ila shule imehamia mtaa wa pili. Ukiona mhamo wa namna hiyo, usianze kuvuta leya kwa mkono. Bofya leya kwa kitufe cha kulia, tumia Set Layer CRS kurekebisha lebo, halafu iache programu ifanye hesabu yake. Kumbuka pia kwamba mifumo hiyo miwili imegawanywa kwa kanda za upana wa digrii sita za longitudo, na Dodoma iko kanda ya 36, si ya 37 kama Morogoro na Dar es Salaam. Ukikosea kanda, Dodoma itatupwa digrii sita mashariki, ndani ya Bahari ya Hindi.

Tukija kwenye tovuti, malalamiko yanabadilika: "Kwenye QGIS inafunguka vizuri, kwenye tovuti yetu hakuna kitu." Kivinjari kina sheria za usalama ambazo QGIS haibanwi nazo. Tovuti yako ikiwa ya https na seva ya ramani ikiwa ya http, kivinjari kitaizuia. Na data ya WFS inayotoka seva nyingine haitaingia kwenye ukurasa wako mpaka seva hiyo iseme wazi kuwa inaruhusu. Ruhusa hiyo inaitwa CORS, na huwekwa na mwenye seva, si wewe. Kwa hiyo msimamizi wa tovuti yako asisumbuliwe usiku kucha kwa kosa lisilo lake. Angalia pia zile namba za CRS ulizoziandika: Leaflet, maktaba ya kuweka ramani kwenye tovuti, usipoielekeza vingine, huomba picha kwa EPSG:3857, mfumo wa ramani nyingi za mtandaoni. Kama seva haiitoi hiyo, utaona kijivu kitupu.

Kuhusu bando, wateja wetu wa mikoani wana haki ya kulalamika. Ramani za vigae, kama ile ya OpenStreetMap (ramani huria ya dunia) ambayo imo tayari kwenye QGIS, hukatwa vipande vya pikseli 256 kwa 256, na kila ukisogea karibu ngazi moja, vipande vya eneo lilelile huzidishwa mara nne. Eneo la kigae kimoja cha ngazi ya 15, kama kilomita 1.2 kila upande huku kwetu, linahitaji vigae 64 kwenye ngazi ya 18. Kwa hiyo usiuache mradi wazi ukisogeza ramani huku na huku. Na tafadhali usishushe mji mzima kutoka seva za OpenStreetMap ili ukatumie bila mtandao: zinaendeshwa kwa michango, na masharti yake yanakataza kushusha kwa wingi. Kwa kazi ya uwandani tunakutengenezea faili kutoka kwenye data yenyewe ya OpenStreetMap, ambayo ni ruhusa kuichukua mradi utaje chanzo. Kwa WFS, kisanduku cha Only request features overlapping the view extent kinapunguza mzigo sana. Kitie tiki kabla ya kuongeza leya.

Ukikwama, tutumie anwani yenyewe kama maandishi, si picha ya skrini, pamoja na toleo la programu unayotumia na jina la mtaa au kijiji kimoja ambacho unajua kwa hakika kinapaswa kuonekana wapi. Hicho kijiji ndicho tutakachokitafuta kwanza. Kuangalia kama linki ni nzima hatutozi kitu.