Kwa vijana wa kwaya mnaoshuka Grand Haven Jumamosi

Wajukuu zangu,

Nimesikia mmeshawekeana dau nani atajirusha kutoka gatini. Sijaandika kuwakataza ziwa. Mimi ni mtoto wa Kalemie kule Kongo, Ziwa Tanganyika lilinilea. Lakini maji ya kwetu ni vuguvugu. Haya ya Ziwa Michigan, mwezi huu huu wa tano, yalinifundisha adabu mwaka wangu wa kwanza hapa Grand Rapids. Niliteleza kutoka kwenye boti ya kuvulia, mwenzangu akanitupia kamba, ikaniangukia kiganjani kabisa. Vidole vikakataa kufumba. Kuogelea najua, kamba ninayo, kuishika siwezi! Akanivuta kwa kola ya jaketi kama mbuzi.

Tangu siku ile, nikifika Grand Haven napita kwanza kwenye bustani ya Escanaba, penye mlingoti. Ni wa Escanaba yenyewe, meli ya walinzi wa pwani iliyokaa mji ule tangu 1932, kabla vita haijaipeleka Greenland kusindikiza misafara ya meli.

Usiku wa tarehe 3 Februari 1943 nyambizi ya Wajerumani iliipiga torpedo Dorchester, mojawapo ya meli ilizokuwa ikisindikiza Escanaba, yenye watu zaidi ya 900, wengi wao askari. Maji yalikaribia kuganda. Mabaharia wa Escanaba walikuwa wameshajionea, walipookoa watu mwaka uliotangulia, kwamba aliyekaa kwenye baridi ile hapandi ngazi ya kamba hata ukimtegea puani. Ndipo msaidizi wa nahodha, Robert Prause, akabuni njia yake: mwogeleaji avae vazi la mpira, afungwe kamba, ashuke mwenyewe majini amfunge mtu, walio juu wavute. Usiku ule waliwatoa watu 133.

Walioshuka? Ofisa kijana Richard Arrighi. Forrest Rednour, mpishi. Na Warren Deyampert, mhudumu wa mezani, Mmarekani mweusi, zama ambazo weusi wengi melini walifungiwa kwenye kazi ya sahani. Waliogelea gizani hadi chini ya tezi, wakiwasukuma watu wasivutwe na rafadha. Mpishi na mhudumu, jamani. Nikisimama pale huwa nawawaza hao kuliko nahodha.

Tarehe 13 Juni mwaka uleule Escanaba ililipuka baharini, chanzo hakijajulikana hadi leo, ikazama kwa dakika kama tatu. Prause na waogeleaji wote watatu walikwenda nayo. Walikufa watu 103, wakapona wawili tu, Baldwin na O'Malley. Hao walizimia, lakini nguo zao zilizolowa ziligandia kwenye gogo lililokuwa likielea. Mikono ilikwisha kuachia, barafu ikawashikilia.

Basi bendera nyekundu ikipepea, hakuna wa kugusa maji. Gatini ni kutembea tu. Mwenzenu akianguka, msimfuate: pigeni 911, mtupieni boya, mkimpigia kelele apitishe kichwa na mkono ndani yake, asitegemee vidole.

Na mnaopanda boti, jaketi sita za kuokolea maisha zimo garajini kwangu. Mmoja wenu azifuate kabla ya Ijumaa jioni, na ajaribu zipu zote, kuna moja inakwama.

Ni mimi, babu yenu