Kuchagua koki ya hita kwa gari la zamani

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu hapa Nyakato huuliza kwa nini wahangaike na hita katika mji kama Mwanza, ambako kero ya dereva ni joto na si baridi. Swali hilo lina mantiki, ila koki ya hita hubeba maji yale yale yanayopoza injini: huyapitisha yakiwa ya moto kwenda kwenye rejeta ndogo iliyo ndani ya dashibodi, na ikipasuka injini nzima hubaki bila maji.

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,140 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya sufuria iliyo wazi huchemka hapa yakifika nyuzi 96 hivi, wala hayasubiri 100. Mfumo wa kupoza injini ukiwa umefungwa barabara, shinikizo lake huyazuia maji yasichemke mapema; koki ikivuja shinikizo hupotea, na gari lililozoea kwenda Shinyanga bila shida linaweza kuchemsha kabla halijafika Misungwi.

Kuvuja huonekana kwa ukoko mweupe au wa kijani kwenye shingo za koki, mahali mipira inapofungwa. Dalili ya pili hulaumiwa kiyoyozi bure: koki iliyoganda ikiwa wazi huendelea kupitisha maji ya moto, hewa ya baridi inachanganyika na joto, na mwenye gari anaongeza gesi mara mbili bila kupata nafuu. (Zulia likilowa upande wa abiria na maji hayo yakanukia utamu wa kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), mara nyingi mbovu ni rejeta ndogo yenyewe, nayo ni kazi nyingine kabisa.)

Katika kuchagua, jina la gari peke yake halitoshi, kwa kuwa gari la aina moja na la mwaka mmoja linaweza kuwa na koki mbili tofauti kutegemea injini na kiyoyozi. Tunaomba uje na koki ya zamani hata kama imevunjika. Tutapima kipenyo cha shingo zake, ambacho aghalabu ni milimita 16 au 19, na tutahesabu shingo zenyewe: yenye mbili hufunga njia ya maji, ilhali yenye nne huyarudisha kwenye injini pale hita inapozimwa, hivyo moja haiwezi kushika nafasi ya nyingine.

Panapoleta hasara zaidi ni namna koki inavyoendeshwa. Mteja mmoja alituletea koki mpya aliyoinunua kwingine, iliyoingia kwenye mipira yake bila shida yoyote, lakini kila aliposogeza kitasa cha hita kwenye dashibodi upande wa baridi alipigwa na joto usoni. Tuliishika koki hiyo mezani, tukaisukuma nyenzo yake na kupuliza kwenye shingo moja: hewa ilipita pale ambapo ile ya zamani ilikuwa inafunga. Koki zinazoendeshwa kwa waya zipo zinazofunga kwa kuvutwa na zinazofunga kwa kusukumwa. Zile za vakyumu nazo, yaani zinazoendeshwa kwa mvuto wa hewa kutoka kwenye injini, nyingine hukaa wazi na nyingine hukaa zimefungwa mpaka zivutwe. Ukitaka kujaribu hivyo nyumbani, osha koki kwanza, maana kulanti ni sumu.

Kwa gari la zamani sisi hupendelea koki ya shaba au chuma pale inapopatikana, kwani plastiki iliyokaa miaka mingi kwenye maji ya moto hukatika kama biskuti wakati fundi anavuta mpira. Ikiwa ipo ya plastiki tu, chukua mpya, si ya gari lililokatwa, na ubadilishe mipira na klipu zake siku hiyo hiyo.

Wapo wanaoamua kuunganisha mipira miwili na kuiacha hita kabisa. Kwa gari lisilotoka Mwanza hatupingi, ila kuziba kila mpira kwa kizibo hatukufanyi, kwa sababu baadhi ya injini hutegemea njia hiyo kuzungusha maji. Na atakayepanda Njombe au Mbeya wakati wa baridi atakuta kioo chake kimejaa ukungu.

Baada ya kufunga, angalia mshale wa mwelekeo wa maji kama upo, jaza kulanti kitasa kikiwa upande wa joto ili hewa itoke, kisha upime tena asubuhi inayofuata kabla hujawasha, injini ikiwa imepoa kabisa.