Malezi ya imani yasiachiwe katekista peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wazazi Wakristo wenzangu wa hapa Bagamoyo, mji ambao wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu waliufikia mwaka 1868, wakaanza kazi yao kwa kulea watoto waliokombolewa utumwani. Siku hizi wengi wetu tumemtwisha katekista mzigo wote: mtoto anapelekwa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, anakariri sala, anashonewa gauni jeupe, sherehe inafana, na baada ya hapo hata Jumapili haonekani. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, inamwagiza mzazi mwenyewe kuyanena maneno ya Mungu kwa watoto wake aketipo nyumbani na atembeapo njiani. Sala fupi kabla ya kulala, baba akiiongoza badala ya kumsukumia mama (tunajuana), haihitaji ada wala sare. Parokia nazo ziwape watoto kazi halisi ibadani, kama kusoma somo na kukusanya sadaka, na semina za kabla ya Kipaimara ziwahusu pia wazazi.

Mzazi,
Bagamoyo