Fundi umeme wa gari alipwe kwa kupima, sio kwa kubadilisha vipuri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niongelee haya magari yenye tatizo la umeme la kuja na kuondoka, manake hapa Dodoma naona watu wanaumia na hela zinaenda bure kabisa. Gari inazima yenyewe barabarani, unashuka unafungua boneti unaangalia huoni kitu, ukirudi kupiga stata inawaka kama hamna kilichotokea. Unaipeleka gereji, inashinda pale inawaka vizuri tu, fundi asipoona kitu anaanza kubahatisha, leo betri, wiki ijayo alteneta ile inayochaji betri, baadae plagi, mwisho unaambiwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, imekufa na tatizo bado liko palepale.

Mimi lawama simpi fundi peke yake. Sisi wenye magari hatutaki kulipia kupima. Fundi akikaa asubuhi nzima na mita yake ya kupimia umeme anafuatilia waya mmoja mmoja, akakuta teminali imelegea akaisafisha na kuikaza, tunamwambia si umekaza nati tu hela yote hiyo ya nini. Lakini huyo huyo akisema nunua alteneta tunatoa laki na kitu bila ubishi kwa sababu tumeona kitu kinashikika mkononi. Sasa hapo unategemea fundi afanyeje? Hospitali tunalipia kipimo cha damu, majibu yakija huna malaria hakuna anayeenda dirishani kudai arudishiwe hela yake, kwa nini kwenye gari tunaona kupima ni bure?

Nitoe mfano wa Noah ya shemeji yangu anayofanyia biashara ya kwenda Kibaigwa. Ilikuwa kuna siku inawaka freshi, kuna siku ukipiga stata inalia tik basi, taa za dashibodi zinafifia. Gereji ya kwanza wakambadilishia betri, ikatulia kidogo ikarudia, wakamuuzia na stata. Baadae kuna kijana mmoja ndio akaipima, na siku hiyo gari ilikuwa inawaka haina shida. Akaweka pini moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, pini ya pili kwenye chuma kitupu cha injini, akasema piga stata. Mita ikapanda karibu volti 2. Akatuambia hapo haitakiwi kuzidi nusu volti, umeme unapotelea kwenye ethi, ile njia ya umeme kurudi kwenye betri. Akafungua ule waya wa hasi unaoshuka kwenye injini akauchana kidogo pale kwenye kiatu chake, kile kichuma cha mwisho wa waya kinachofungwa na nati, ndani shaba ilikuwa imegeuka unga wa kijani, nyuzi chache tu ndio zimeshikilia. Kwa nje ulikuwa waya mzima na mpira wake mweusi.

Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu mzima ukiupima bila kitu kuvuta umeme utakusomea volti 12 safi kabisa, ukienda na kibalbu kidogo cha kutestia kitawaka pia, na fundi ataapa umeme unafika. Lakini stata inataka ampia nyingi sana, yaani umeme mwingi kwa mpigo, ule uzi mmoja hauwezi. Kwa hiyo kupima kwa kweli ni kupima wakati kitu kinafanya kazi, stata inazunguka, taa kubwa zinawaka, feni inapiga. Betri iliyojaa gari ikiwa imezimwa inasoma kama 12.6, gari ikiwaka inatakiwa iwe 13.8 mpaka 14.5 hivi, hata mwenye gari na mita yake ya bei rahisi anaweza kuangalia hilo mwenyewe kabla ya kuuziwa alteneta.

Na hali ya huku kwetu inachangia. Vumbi linaingia kwenye soketi, joto la mwezi wa 10 na wa 11 linakausha plastiki mpaka vile vikamatio vinavunjika, barabara za mitaani zinatikisa, halafu mvua ya kwanza ikinyesha unyevu unaingia kwenye ile mipasuko ndio unasikia gari zinagoma. Ongeza panya wanaotafuna waya, ongeza na hizi alarm na traka na redio zinazofungwa na mtu yeyote kwa kusokota waya na kuzungushia selotepu nyeusi. Binafsi gari ikianza kusumbua umeme kitu cha kwanza nauliza nini kilifungwa kwenye hii gari ambacho haikuja nacho.

Tatizo linalojificha fundi mzuri halisubiri, analiita. Anawasha gari anatikisa wayaringi kipande kwa kipande huku anasikiliza. Kama inazima ikipata moto na kuwaka ikipoa, anaweza kuipulizia krenk sensa, ile inayosoma mzunguko wa injini, joto na draya ya saluni aone kama injini itakata. Kama ni ya mvua ananyunyiza maji kidogo sehemu anayoishuku. Kama fyuzi inaungua mara moja moja bila mpangilio anaweka balbu ya taa kubwa mahali pa fyuzi, shoti ikitokea balbu inawaka kwa nguvu, anasogeza waya mpaka balbu inazima, pale alipogusa ndio penye ugonjwa. Hivi vitu vinataka muda na utulivu, na vijana waliosoma umeme wa magari VETA wanavijua, ila nani anawalipa wavifanye?

Kwenye hiyo ya fyuzi nasisitiza, fyuzi ya ampia 10 ikiungua usiweke ya 30 na usiweke kipande cha waya. Fyuzi iko pale kulinda waya, ukiiondoa kinachofuata kuungua ni waya wenyewe na gari na watoto waliomo.

Na mwenye gari uje gereji na maelezo. Usiseme tu gari inazingua. Andika kwenye simu, ilizima ikiwa ya moto au ya baridi, mlimani au kwenye tuta, ulikuwa umewasha AC au taa, mita ya rpm, ya mizunguko ya injini, ilidondoka ghafla au taratibu, ilichukua muda gani kuwaka tena. Taa ya cheki injini ikiwaka usikubali mtu afute kwa mashine kabla hajaandika namba za kosa, manake gari nyingi zinatunza pamoja na hiyo namba spidi na joto la injini vya ule wakati kosa lilipotokea, ukifuta umepoteza ushahidi. Na namba ikitaja sensa haina maana sensa imekufa, inaweza kuwa waya wa kwenda kwenye hiyo sensa.

Naandika hivi kwa uchungu kwa sababu gari kukata umeme usiku barabara ya Morogoro, taa zote zimezima na malori yanakuja nyuma, sio usumbufu, ni kifo.

Wenye gereji wa Dodoma, naomba muandike ukutani bei ya kupima, iwe kwa saa au kwa kazi, mteja aijue kabla boneti haijafunguliwa, na akiambiwa abadilishe kitu aonyeshwe mita imesoma ngapi na ilitakiwa isome ngapi. Kipuri cha zamani apewe aondoke nacho. Na sisi wateja tukiambiwa ni nati imelegea, tulipe ile bei iliyoandikwa.

Msomaji wako,
Nkuhungu, Dodoma